Mita Nane za Waya

Sina redio.
Ya mwisho niliiuza Kibuye, nikanunua viatu vya shule,
na bado kila usiku, ikigonga saa tatu,
mwanamume huingia sebuleni kwangu hapa Migosi
bila hodi,
akasoma bei ya mahindi, bei ya mbolea,
majina ya marehemu na matanga yalipo,
kwa sauti ya mtu aliyefungiwa ndani ya mtungi.

Nilipunguza sauti hadi sufuri.
Yeye hakupungua.
Nikatoa kaseti, nikachomoa deki yenyewe,
nikabaki na amplifaya tupu na spika mbili,
na bwana yule akakohoa, akaomba radhi,
akaendelea na marehemu.

Jirani yangu Peres alisema niite watu wa maombi.
Nilizima friji kwanza. Maziwa yakachacha.
Nikazima taa zote, nikasikiliza gizani kama mwizi.
Nikaivisha amplifaya foili ya kuchomea samaki,
iking'aa pale juu ya kabati kama bibi harusi,
na mbolea ikapanda shilingi mia.
Simu angalau ina adabu: hubisha kwanza,
tiki-tiki-tiki ndani ya spika,
halafu ndipo inalia.

Akaja fundi Nyangweso na gunia la unga
lililojaa kila kitu isipokuwa unga.
Akazungusha kitufe cha sauti, juu, chini, juu.
Akacheka kwa pua.
"Ukimshusha hashuki, basi hakupitia mlangoni.
Huyu kapitia dirishani."
Akashika waya wa spika, akauvuta kutoka nyuma ya kochi,
akavuta,
akavuta, ukamjaa mapajani.
"Mama! Mita nane, na spika iko hatua mbili?
Huu si waya. Umefuga antena."

Akatoa koleo.
Nikasema, ngoja.

Mwaka ule miguu ya baba ilipokataa
tulitoboa ukuta kwa msumari wa inchi sita,
tukaupitisha waya hadi chumbani,
spika moja tukaiweka kitini, karibu na mto,
naye akawa anapigapiga shuka kwa kidole,
akikosea mapigo, akilaumu gitaa.
Spika ilirudi sebuleni mwezi wa nne.
Tundu nililiziba kwa sabuni ya kipande.
Waya niliukunja tu.

Nyangweso akatazama ile sabuni ukutani,
ya buluu, imepasuka katikati.
Hakuuliza. Koleo likarudi guniani,
mkono ukaibuka na pete nyeusi, nzito kama jiwe la mtoni,
aliyoing'oa kwenye televisheni iliyokufa.
Akaupitisha waya ndani yake mara saba,
akiukaza kila mzunguko kwa kidole gumba.
Kisha kapasita, ndogo kama punje ya mtama,
pale waya unapoingilia nyuma ya amplifaya:
"Huyu ndiye askari wa zamu."
Akachukua mia tatu hamsini, akakataa chai,
akanywa uji vikombe viwili.

Saa tatu.
Nilikaa nikimngoja yule bwana.
Kimya kilikuwa kipana, kina kona,
nikasikia chura wa mtaroni na Peres akisugua sufuria.
Bei ya mbolea sikuipata.

Nikatia kaseti ya baba, ile ya mwandiko wa kalamu ya bluu,
*Dansi, Ahero, usiguse*.
Alikuwa akiirekodi kwa kuegesha kinasa sauti
mbele ya redio ya kaka yake,
akiwafukuza watoto uani kwa fimbo.
Gitaa likaja safi, halijawahi kuja hivyo,
nyuzi zote, na mluzi wa mtu, na jogoo,
na mlango uliofungwa taratibu na mtu aliyekatazwa kelele.
Wimbo ukaisha. Mkanda ukaendelea kuzunguka.
Nikasikia mtu akisafisha koo,
mtangazaji, kijana kwa sauti yake, mwenye haraka:
"Saa za Afrika Mashariki
ni saa moja na dakika ishirini."

Nikatazama ukutani. Saa nne kasorobo.
Nikaikagua pete: ipo, waya umekaza, mizunguko saba.
Nikainuka, nikageuza upande.